Ufadhili wa gofu: Tuulize "hadi lini?" kabla ya kupiga vigelegele

Mwaka jana mwezi wa tatu, mama mmoja alinisubiri nje ya lango la shule yetu hapa Kigali akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ni mfanyabiashara wa mpakani. Huleta mchele na dagaa kutoka Tanzania kwa njia ya Rusumo, na kama mimi, alikulia ukimbizini mkoani Kagera. Tunapokutana huanza kwa Kinyarwanda, lakini mazungumzo yakinoga Kiswahili ndicho hushinda.

"Mwalimu, nisomee hii," aliniambia. "Kijana amepata Marekani. Nyumbani wameshaanza kupiga vigelegele, lakini mimi sijui kilichoandikwa humu."

Kijana huyo namfahamu, nilimfundisha. Alianza kwenda uwanja wa gofu wa Nyarutarama mwisho wa wiki akiwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo za wachezaji. Baadaye akaanza kucheza mwenyewe, kwa fimbo za kuazima, hadi akawa anawashinda baadhi ya wale aliokuwa akiwabebea.

Niliisoma barua ile mara mbili. Ilitoka katika chuo kimoja cha kusini mwa Marekani ambacho sitakitaja jina. Ilimpongeza kijana kwa kuchaguliwa kujiunga na timu ya gofu ya chuo na kumwahidi ufadhili. Chini kidogo ilieleza kwamba ufadhili huo ni asilimia 60 ya ada ya masomo, tena kwa mwaka mmoja. Bweni, chakula, bima ya afya, vitabu na nauli havikuwemo. Tulipopiga hesabu palepale langoni, tuliona kwamba familia ingetakiwa kutafuta zaidi ya dola 11,000 kwa mwaka.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi niuze kile kiwanja cha Kabuga?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Si swali la mama mmoja. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda kucheza katika vyuo vya Marekani tangu miaka ya 1970, kwanza riadha, kisha mpira wa kikapu na soka, na sasa gofu nayo imeingia. Siku ya kuondoka kuna picha za uwanja wa ndege, begi jipya, mama analia, wajomba wanacheka. Mwezi wa kumi, kijana anapokaa peke yake bwenini na baridi inaanza, hakuna anayepiga picha. Kwa mtazamo wangu mwaka ule wa kwanza ndio unaoamua mengi, nasi tunampeleka mtoto bila kumweleza kama anakwenda kuwa mwanafunzi, mgeni au kibarua. Ukweli ni kwamba anakwenda kuwa vyote vitatu kwa pamoja.

Tuanze na gofu yenyewe, maana wengi wetu tunaiona kupitia uzio tu. Hapa kwetu mchezo huu ni wa wenye nafasi. Uwanja wa Kigali wenye mashimo 18 ulisanifiwa na kampuni ya Gary Player, yule bingwa wa Afrika Kusini, na ni uwanja wa kujivunia. Lakini kwa miaka mingi mtoto wa maskini, awe Kigali, Kampala au Nairobi, aliingia humo kwa mlango mmoja, ule wa kubeba mfuko wa mtu mwingine. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyo, na si aibu hata kidogo. Kijana wetu alidhani kwamba huko ng'ambo amepanda cheo, sasa atabebewa yeye. La hasha! Katika gofu ya vyuo vya Marekani mchezaji hubeba au husukuma mfuko wake mwenyewe. Mashindano ya kawaida ni raundi tatu, na mara nyingi mbili huchezwa siku moja, yaani mashimo 36 kwa miguu, kuanzia asubuhi hadi jua linapozama.

Jambo la pili ambalo hatukulijua ni namna timu inavyopangwa. Chuo kinaweza kuwa na vijana tisa au kumi, lakini wanaosafiri kucheza kwa niaba ya timu ni watano. Katika hao watano, alama nne bora ndizo zinazohesabiwa kila raundi, ya tano inatupwa. Ili uwe miongoni mwa watano, unashindana kwanza na wenzako mnaolala bweni moja. Mgeni wa mwaka wa kwanza mara nyingi hukaa chuoni akitazama basi la timu likiondoka. Hakuna aliyemdhulumu, ndivyo mchezo ulivyo. Lakini mtoto aliyeagwa na mtaa mzima kama shujaa, ajieleze vipi kwa simu kwamba ameachwa?

La tatu ni ardhi. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hufanya mpira usafiri mbali zaidi. Ukishuka kwenye tambarare za kusini mwa Marekani, fimbo iliyokuwa ikikufikisha grini hapa inakuacha njiani. Kijana anaona kama mkono umeisha nguvu, kumbe hewa ndiyo iliyobadilika.

Hata majani yana kisa chake. Kuna majani ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ambayo dunia nzima huyaita kikuyu, kwa jina la watu wa Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo. Yakashika, yakatambaa, yakaingia hadi viwanja vya gofu. Leo uwanja maarufu wa Riviera, mjini Los Angeles, uliochaguliwa kwa gofu ya Olimpiki ya 2028, unasifika kwa majani hayo. Wakati huohuo sheria ya Marekani inayahesabu kuwa gugu baya. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, kisha nikamfikiria kijana wetu. Mgeni anaweza kusifiwa uwanjani na akawa bado ameandikwa gugu katika daftari la ofisi. Sisi tuliokulia ukimbizini hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko wazazi wengi wanakopotea. Neno ufadhili likitamkwa, mzazi husikia "bure". Katika gofu siyo hivyo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vikubwa, NCAA, kiliweka ukomo kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024/25. Timu ya gofu ya wanaume katika daraja la kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya fadhili kamili nne na nusu, na ya wanawake sita. Kocha alikuwa huru kuzikatakata. Wewe mfanyabiashara fikiria magunia manne na nusu ya mchele yanayogawanywa kwa watu kumi. Kuna atakayepata nusu gunia, na kuna atakayepata kibaba. Tangu msimu wa 2025/26, kwa vyuo vilivyokubali makubaliano mapya ya mahakama, ukomo huo umeondolewa, na badala yake timu haitakiwi kuzidi wachezaji tisa. Hiyo haina maana kwamba wote tisa watalipiwa kila kitu. Maana yake ni kwamba nafasi ni tisa tu, na dunia nzima inazigombea. Na vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, ingawa vinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa alama zake za darasani au kwa hali ya familia.

Kisha kuna saa za kazi. Kanuni zinasema michezo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Ukisikia hivyo unaona mtoto atapata muda wa kusoma. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa tatu tu, hata kama kijana ametembea mashimo 36 kwa saa kumi, na muda wa safari hauhesabiwi. Hapo hapo anatakiwa abebe masomo ya kutosha kila muhula ili asipoteze haki ya kucheza wala viza yake ya mwanafunzi. Kuhusu kibarua cha kujiongezea kipato, viza hiyo hairuhusu kazi nje ya chuo katika mwaka wa kwanza, na ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa hiyo yule mjomba anayesema "akifika atatafuta kazi ya usiku ajilipie" anamwandalia mtoto tiketi ya kurudishwa.

Naomba niseme kidogo habari zangu, kwa sababu zinahusika. Mwaka 1992 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni mkoani Kagera. Wazazi wangu hawakuwa na ada. Alipatikana mfadhili, mtu mwema, akalipa. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chetu cha wakimbizi kuvaa sare ya shule ile, nami nilijiona nimefika. Katikati ya muhula wa pili niliitwa ofisini nikaambiwa mfadhili hajatuma tena, na hakuna barua iliyoeleza sababu. Nilikaa siku tisa nje ya darasa, nikisikiliza masomo dirishani, kabla mwalimu mmoja hajaniombea nifagie maktaba ili nibaki. Sikumlaumu mfadhili wangu wakati ule, na simlaumu leo. Lakini tangu siku hiyo nikisikia neno ufadhili nauliza swali moja tu: hadi lini?

Swali hilo ndilo nililomwambia mama yule aliandike la kwanza. Ufadhili wa michezo Marekani, kwa desturi, ni mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. Tangu mwaka 2012 vyuo vya daraja la kwanza vimeruhusiwa kutoa mikataba ya miaka zaidi ya mmoja, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Huko, kanuni zinakitaka chuo kimjulishe mwanafunzi kwa maandishi kabla ya Julai 1 kama ufadhili utaendelea, na akinyimwa ana haki ya kukata rufaa. Ni wazazi wangapi wanaojua tarehe hiyo?

Ninyi wa mpakani mnalielewa jambo hili kuliko profesa yeyote. Februari 2019 njia ya Gatuna ilifungwa, na haikufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Hakuna mchuuzi aliyeulizwa maoni yake. Waliokuwa na mteja mmoja na njia moja walifilisika. Waliokuwa na njia ya pili walipungukiwa, lakini walikula. Basi mtoto anayekwenda ng'ambo kwa nguvu ya mkono wake ana njia moja. Mkono ukiumia, kocha akibadilika, au akaja mchezaji mkubwa zaidi kutoka chuo kingine, njia imefungwa. Tusisahau pia kwamba tangu 2021 imekuwa rahisi kwa wachezaji kuhama chuo na kucheza mara moja, hivyo kocha asiyeridhika na mgeni wa mwaka wa kwanza anaweza kumleta mtu mzima aliyekwisha komaa. Na serikali za wakubwa nazo zina malango yao. Mwaka 2025 mahojiano mapya ya viza za wanafunzi yalisimamishwa kwa wiki kadhaa, na mwezi Juni mwaka huo Marekani ikawawekea vikwazo ndugu zetu wa Burundi, viza za masomo zikiwemo. Kijana wa Bujumbura aliyekuwa na barua kama ya kijana wetu, aliifanyia nini?

Njia ya pili ya mtoto ni darasa. Wapo watakaosema ni maneno ya mwalimu anayevutia upande wake. Sawa, basi tutazame waliotangulia.

Henry Rono, Mnandi wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1952, alifika chuo cha Washington State mwaka 1976. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Ile ya mita 5,000 aliivunja Aprili 8, mjini Berkeley, akiwa bado mwanafunzi. Hakuna aliyepata kufanya hivyo kabla yake. Olimpiki hakuionja, kwa kuwa Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Baadaye pombe ilimwandama, fedha zikayeyuka, na bingwa yule akaonekana akibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege huko huko Marekani. Aliyaeleza mwenyewe maisha yake katika kitabu, bila kujificha. Alirudi nyumbani mwaka 2019 na kufariki Februari 2024. Mimi simhukumu mzee Rono. Nauliza tu: kijana wa miaka 24 kutoka vilima vya Nandi alipotua katika mji mdogo wenye theluji, nani alikuwa na kazi ya kumwuliza analala saa ngapi, anakunywa nini, anaongea na nani?

Sasa mtazame Sally Kipyego, naye wa Kenya. Mwaka 2005 hakuanzia chuo kikubwa. Alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili katika mji mdogo wa Levelland, Texas. Vyuo vya namna hiyo ni nafuu, madarasa yake ni madogo, na mgeni anapata nafasi ya kujikwaa bila kuvunjika mguu. Kisha akahamia Texas Tech, akatwaa mataji tisa ya NCAA, na akamaliza shahada ya uuguzi. Medali zake za fedha za mita 10,000, Daegu 2011 na London 2012, zilikuja baada ya shahada. Miguu ingegoma mwaka 2010, Sally angekuwa na kazi hospitalini. Hiyo ndiyo njia ya pili ninayoisema.

Yupo pia Paul Chelimo, aliyefika Marekani mwaka 2010 katika chuo cha Shorter, Georgia. Hakukaa, alihamia North Carolina, mjini Greensboro. Baadaye alijiunga na jeshi la Marekani, na mwaka 2016 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Rio kwa bendera ya nchi hiyo. Kwake tunajifunza kwamba chuo cha kwanza si lazima kiwe cha mwisho, na kuhama si kushindwa. Na kwa wale wa upande wa Tanzania, yupo Suleiman Nyambui, aliyekimbilia chuo cha Texas mjini El Paso, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, na miaka mingi baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake. Huyo alirudi na kitu cha kuwagawia wengine.

Najua nitaambiwa namwaga maji kwenye moto wa vijana. Hapana. Tuliorudi kutoka ukimbizini tunajua thamani ya mlango unaofunguka ugenini, na kama si shule za watu wengine nisingekuwa na kalamu hii. Ninachokataa ni kumtoa mtoto kama mzigo usiokuwa na hati. Mfanyabiashara wa Rusumo hawezi kuvusha gunia moja bila kujua ushuru, mpokeaji na bei ya upande wa pili. Kwa nini mwanawe amvushe bahari kwa picha ya simu na maneno ya dalali?

Niseme basi tulichokifanya mimi na mama yule, labda kitamfaa mwingine. Tuliandikia chuo barua yenye maswali matano. Ufadhili huu ni hadi lini, na unahuishwa kwa sharti gani? Ni nini hasa kinacholipwa na kisicholipwa? Kijana akiumia, nani anamtibu, na ufadhili unabaki? Mabweni yakifungwa wakati wa sikukuu, atalala wapi? Na mashindano yakigongana na mtihani, nini hutangulia? Chuo kilijibu manne vizuri, na kwa lile la sikukuu kilisema litaangaliwa. Tuliomba pia hati rasmi ya chuo, ile inayoitwa I-20, ambayo huonyesha gharama za mwaka na kila senti inatoka kwa nani. Kijana asiye na hati hiyo hana safari, ana hadithi tu. Ada za viza na za usajili, wakati huo dola 185 na dola 350, tulizilipa wenyewe katika njia rasmi. Alikuwepo bwana mmoja aliyetaka dola 800 "kuharakisha". Tulimwambia asante.

Kiwanja cha Kabuga hakikuuzwa. Nilimshauri mama akiombe chuo kiongeze msaada kwa alama za darasani, kwa kuwa kijana alikuwa na hesabu nzuri. Kilikubali kuongeza kiasi. Kilichobaki kilitoka kwa mama, kwa wajomba waliokuwa wepesi wa vigelegele, na kwa kikundi chao cha akiba. Kila mmoja aliahidi kwa maandishi kiasi chake kwa miaka minne, na wala si mwaka mmoja tu. Wawili walijitoa walipoona kalamu. Ni afadhali walijitoa Aprili kuliko Desemba.

Kijana aliondoka Agosti. Oktoba aliniandikia: "Mwalimu, basi limeondoka tena bila mimi." Alikuwa wa saba kati ya tisa. Sikukuu yao ya kushukuru, mwishoni mwa Novemba, bweni lilifungwa kweli, na jibu la "litaangaliwa" likawa hakuna aliyeangalia. Aliokolewa na mwenzake wa timu aliyempeleka kwao. Desemba alipata alama nzuri ya uhasibu na mbaya ya historia ya Marekani, nami nikamwambia hata historia yetu wenyewe iliwahi kumshinda. Februari akasafiri na timu kwa mara ya kwanza. Raundi ya kwanza alipiga 80, na alama yake ndiyo iliyotupwa. Raundi ya pili alipiga 75, ikahesabiwa. Usiku huo alimpigia mama yake, na mama akanipigia mimi, akiuliza 75 ni nzuri au mbaya. Nikamjibu kwamba imehesabiwa, mama, hilo ndilo kubwa.

Kwa nini niyaeleze hadharani? Kwa sababu mwaka huu nimeletewa bahasha nyingine mbili, na siamini kila mtoto atapata mwalimu wa kukutana naye langoni. Viongozi wa vyama vya michezo, pamoja na wizara zinazohusika na michezo na elimu, wawe na orodha ya vijana wote walioko vyuo vya nje kwa njia hii, wajue wako wapi na wanasoma nini. Waliomaliza na kurudi waitwe shuleni waseme na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, waseme na mabaya pia. Shule zitunze rekodi za matokeo vizuri, kwa maana vijana wengine hukosa nafasi kwa karatasi iliyopotea, si kwa mpira ulioingia msituni. Na viwanja vya gofu, vinavyonufaika na mabega ya makedi, viwape vijana hao saa za kucheza na saa za kusoma, wasisubiri Mmarekani aje kuona kipaji chao kwanza.

Nasi wazazi na walimu tuache kumsindikiza mtoto uwanja wa ndege na kumwacha hapo. Apigiwe simu Oktoba. Aulizwe anakula nini, analala wapi, mtihani ulikuwaje, kabla ya kuulizwa amepiga ngapi. Asiahidiwe mtaa mzima kwamba ataleta gari.

Barua ya mwaka wa pili bado haijafika. Julai 1 haijafika pia. Mama anaihesabu tarehe hiyo kama anavyohesabu siku za mzigo uliokwama mpakani, na juzi aliniambia jambo ambalo nimeona niwaachie. "Mwalimu," alisema, "wakikata ufadhili wa gofu, je, chuo cha uhasibu kitamfukuza?" Nikamwambia hapana, masomo aliyokwisha kufaulu ni yake, hakuna kocha wa kumnyang'anya. Akashusha pumzi, akafunga pochi yake, akarudi sokoni.